Sensa nano za pH zinasoma 5.3 ndani ya uvimbe wa panya: ni asidi kweli au ni kosa la kipimo?

kiini50 aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba jicho la pili kwenye vipimo hivi, hasa kwa wanaopima pH kwa mwanga ndani ya mnyama hai.

Sensa ni chembe za silika zenye kipenyo cha nanomita 50 kwa hadubini ya elektroni. Ndani yake zimefungwa rangi mbili: fluoreseini (FITC) inayoitika pH, na Cy5 kama rangi ya marejeo isiyojali pH. Zote mbili ziliingizwa pamoja wakati silika inakua. Fluoreseini inaamshwa kwa nm 490 na kusomwa kwa nm 525. Cy5 inaamshwa kwa nm 640 na kusomwa kwa nm 670. Kinachohesabiwa ni uwiano wa kijani kwa nyekundu. Kalibresheni ilifanyika kwenye kuveti (kichupa angavu cha kupimia mwanga), bafa ya fosfeti (myeyusho unaoshikilia pH isihame), nyuzi 25, kuanzia pH 5 hadi 8. Mkunjo wa kugeuza uwiano kuwa pH umetoka safi, na pKa (pH ambapo nusu ya fluoreseini iko katika hali ya kung'aa) ni 6.4.

Kisha mikrolita 50 za chembe (mg 1 kwa mililita) zilidungwa moja kwa moja kwenye uvimbe uliopandikizwa chini ya ngozi ya panya, na picha zikapigwa kupitia ngozi. Matokeo:

dakika 5: pH 6.1
saa 2: pH 5.8
saa 24: pH 5.3

Majimaji yaliyo nje ya seli za uvimbe hutarajiwa kuwa kati ya 6.5 na 6.9. Je, uvimbe huu una asidi kiasi hicho kweli? Kama ni kosa, lianze kutafutwa wapi?

---

njia_ya_mwanga alijibu:

Mkuu, usiandike popote kwamba uvimbe una pH 5.3. Hapo kuna makosa mawili yaliyopandana, na uzuri ni kwamba umepima kwa nyakati tatu, kwa hiyo yanaweza kutenganishwa. Dakika ya 5 seli bado hazijapata nafasi ya kumeza chembe za kutosha kuharibu kipimo. Kosa lililopo muda huo ni la mwanga. Linaloongezeka baada ya hapo, hadi saa 24, sehemu kubwa ni la seli. Hilo la seli nawaachia wengine, mimi nishike la mwanga.

Himoglobini (protini nyekundu ya damu) yenye oksijeni hufyonza mwanga wa nm 525 takriban mara mia zaidi ya inavyofyonza wa nm 670. Mwanga wa kuamsha nao una hadithi hiyo hiyo, wa nm 490 unazuiwa mno kuliko wa nm 640. Kwa hiyo kijani chako kinakatwa mara mbili, kikiingia na kikitoka, huku nyekundu ikipita karibu salama. Uwiano unashuka bila pH kubadilika hata kidogo, na mkunjo wa kuveti unautafsiri mshuko huo kuwa asidi.

Hebu tuweke namba. Kwa pKa 6.4, sehemu ya fluoreseini iliyo katika hali ya kung'aa ni 0.67 kwenye pH 6.7, na 0.33 kwenye pH 6.1. Maana yake kinachotosha kugeuza 6.7 ya kweli kuwa 6.1 yako ni kijani kupungua mara mbili tu kuliko nyekundu. Mara mbili! Ngozi nyembamba ya panya na damu kidogo ya sindano vinatosha kabisa. Kikipungua mara nne, pH 6.7 ingesomeka 5.7. Mara tano, 5.6. Hii ndiyo sababu picha nyingi za aina hii huonyesha "asidi ikiongezeka kuelekea katikati ya uvimbe": katikati ndiko kina kilipo kirefu zaidi.

Kipimo kimoja cha udhibiti kinamaliza ubishi huu, nacho ni chembe pacha. Tengeneza chembe zile zile kwa kila namna, ila mahali pa fluoreseini weka rangi ya kijani isiyojali pH, mfano rodamini 110 au Alexa Fluor 488. Zidunge kwenye uvimbe wa panya mwingine, kiasi kile kile, kina kile kile. Uwiano wa pacha ukishuka ukilinganisha na kwenye kuveti, huo mshuko wote ni wa tishu. Ugawanye uwiano wa sensa kwa sehemu ya uwiano wa pacha iliyobaki (ukishuka hadi nusu, gawanya kwa 0.5) ndipo uingie kwenye mkunjo. Pacha iandamane na kila jaribio, maana uvimbe wa siku ya 10 na wa siku ya 20 hauna damu sawa.

Kuna watakaokwambia ubadilishe Cy5 uweke rodamini B, ili rangi mbili zikaribiane. Usikimbilie. Himoglobini yenye oksijeni ina vilele viwili karibu na nm 542 na nm 577, na rodamini B inaamshwa na kung'aa humo humo. Hapo kosa linageuka upande: damu inakata nyekundu kuliko kijani, na uvimbe unaonekana kuwa na alkali kuliko ulivyo. Umebadilisha mwelekeo wa kosa, hujaliondoa.

Mengine ya kukagua kwenye upande wa mwanga:

Piga picha ya panya yule yule kabla ya kumdunga, kwa muda na nguvu ile ile ya taa, uitoe kwenye picha za baadaye. Flavini za kwenye tishu huamshwa karibu na nm 450 hadi 490 na kung'aa karibu na nm 525, kwa hiyo zinaongeza kijani cha uongo. Upande wa nyekundu adui ni klorofili ya kwenye chakula cha panya, hung'aa karibu na nm 670 hadi 680, ndani kabisa ya dirisha lako la Cy5. Chakula cha majani kibadilishwe kuwa kilichosafishwa, siku kadhaa kabla ya picha. Manyoya yanyolewe, na panya mweusi aepukwe ikiwezekana.

Kuungua kwa rangi (kufifia kwa sababu ya taa) nako usikusahau. Piga picha 20 mfululizo bila kugusa chochote. Uwiano ukihama zaidi ya asilimia 2 au 3 kati ya ya kwanza na ya mwisho, punguza nguvu ya taa. Fluoreseini ikiungua mbele ya Cy5 unapata asidi ya uongo. Cy5 ikitangulia unapata alkali ya uongo. Muda ukipita, mambo hayo yanafanana kabisa na pH inayobadilika.

---

seli_humeza alijibu:

Naendelea pale ndugu hapo juu alipoishia. Sensa hupima pH ya mahali ilipokaa. Haipimi pH ya mahali ulipoidunga. Chembe ya nm 50 iliyo kati ya seli haikai hapo. Makrofaji (seli za kinga) na seli zenyewe za uvimbe huimeza, ikaingia endosomu (kifuko cha kupokelea ndani ya seli) yenye pH ya 5.5 hadi 6.5, kisha lisosomu (kifuko cha kumeng'enya) yenye pH ya 4.5 hadi 5. Baada ya saa 24 unapima zaidi matumbo ya seli kuliko majimaji ya nje.

Hata kiasi kilichomezwa kinaweza kukadiriwa kutokana na namba zako. Chukua kwamba kosa la mwanga ni lile lile la mara mbili. Saa 24 ulisoma 5.3, yaani sehemu inayong'aa ni 0.074, ukirudisha mara mbili ya mwanga inakuwa 0.147. Kwenye lisosomu ya pH 5 sehemu hiyo ni 0.038, na nje kwenye pH 6.7 ni 0.67. Ili mchanganyiko wa mahali hapo pawili utoe 0.147, takriban chembe 8 kati ya 10 ziwe ndani ya seli. Hiyo haishangazi kwa saa 24.

Angalia pia kilichochanganywa hapo ni uwiano, sio pH. Mwenye 0.147 mkononi akiurudisha kwenye mkunjo anapata pH 5.6, namba ambayo haipo popote mwilini mwa yule panya. Sio ya nje, wala sio ya lisosomu. Wastani wa namna hii umepotosha watu wengi waaminifu.

Jinsi ya kuhakikisha: baada ya picha ya mwisho, uvimbe ukatwe vipande vyembamba, upakwe kingamwili ya LAMP1 inayoonyesha lisosomu, uangaliwe kwa hadubini ya konfokali ukitumia Cy5 kama alama ya chembe. Kabla ya hapo, kwenye seli za kwenye sahani, weka chembe kwa saa 24, osha, soma, halafu ongeza bafilomisini A1 nM 100, au kloridi ya amonia mM 20. Zote mbili hupandisha pH ya lisosomu. Kipimo kikipanda ndani ya saa moja, chembe zilikuwa ndani. Kisipopanda, zimeng'ang'ania nje ya utando wa seli au kwenye plastiki ya sahani.

Tiba? Kuzivika chembe PEG (polima inayopenda maji) hupunguza kasi ya kumezwa, haizuii. Ukidunga kwenye mshipa wa damu ni vibaya zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya chembe huishia kwenye ini na wengu, na utakuwa na ramani nzuri ya lisosomu za ini. Kama swali lenyewe ni pH ya nje ya seli, maoni yangu ni kwamba sensa isiwe ndogo. Fungia chembe zako ndani ya shanga za jeli, za alginati au PEG iliyofungamanishwa, zenye kipenyo cha mikromita 50 hadi 100. Seli haiwezi kumeza kitu cha ukubwa huo, ayoni za hidrojeni zinapita kwenye jeli kwa urahisi, na bado unadunga kwa sindano ya kawaida. Hasara ni kwamba baada ya siku kadhaa mwili huanza kuizungushia shanga utando wa kovu, na hapo unapima pH ya kovu. Kwa jaribio la siku moja au mbili, shanga zinashinda.

Na tafadhali tazama kibofu cha panya kwenye picha za saa ya kwanza. Kibofu kikiwaka kijani bila nyekundu, fluoreseini inavuja. Chembe ya nm 50 haipiti kwenye figo. Rangi huru inapita haraka sana.

---

kiini50 alijibu:

Nawashukuru sana. Kibofu: nimerudi kwenye picha, kina kijani hafifu dakika ya 30, nyekundu hakuna. Kwa hiyo kuvuja kupo pia.

Sasa naomba msaada kwenye utengenezaji. Je, rangi zitenganishwe, Cy5 kwenye kiini na fluoreseini kwenye ganda? Na kuna mtu kashauri tuachane na silika twende kwenye chembe za NaYF4 zinazoamshwa kwa infraredi. Ni kweli zinaondoa tatizo la tishu?

---

bafa_na_chumvi alijibu:

Ndiyo, tenganisha. Muundo wa kiini cha marejeo na ganda linaloitika pH ulionyeshwa kwenye silika na kundi la Ulrich Wiesner, Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 2006, na bado ndio ninaouamini. Kiini kinalindwa, ganda linagusana na maji. Fluoreseini iliyozama katikati ya silika nzito huitika kwa uvivu au haiitiki kabisa, ikakuachia kijani cha kudumu kinachobana mkunjo.

Anza na kuifunga rangi kwenye APTES (silani yenye amini, inayoiunganisha rangi na silika), maana rangi isiyofungwa kwa kemia ndiyo inayovuja. FITC mg 3.9 (mikromoli 10) kwenye mL 1 ya ethanoli kavu, ongeza APTES mikrolita 12, ambayo ni takriban mara tano kwa moli. Koroga gizani usiku mzima, chupa imezibwa vizuri. Ethanoli ikiwa na maji, APTES inashikana yenyewe kwa yenyewe, unaona ukungu asubuhi. Mwaga, anza upya. Cy5 tumia ile ya esta ya NHS (inayojishika kwenye amini za APTES), mg 1 kwenye mikrolita 200 za DMSO kavu na APTES mikrolita 1.5 hivi.

Kiini: ethanoli mL 50, amonia ya asilimia 28 mL 2, mimina Cy5 iliyofungwa, kisha TEOS (malighafi ya silika) mL 1 kwa mkupuo mmoja huku inakoroga. Saa 18, gizani. Amonia ikizidi chembe zinakuwa kubwa, ikipungua zinakuwa ndogo, kwa hiyo rekebisha mpaka hadubini ikuonyeshe kiini cha nm 40.

Ganda ndipo wengi wanapoharibu. Ganda la nm 5 juu ya kiini cha nm 40 linaonekana dogo, lakini hesabu ya ujazo inasema (50/40)³ ni 1.95. Yaani unahitaji TEOS mL 0.95, karibu sawa na uliyotumia kwenye kiini kizima. Ukiimimina yote pamoja na FITC, haitakaa juu ya viini. Itazaa chembe mpya ndogo zenye kijani pekee. Chembe hizo hazina Cy5, zinaongeza kijani bila marejeo, na zikisafiri tofauti na wenzake mwilini uwiano wako hauna maana tena. Ongeza mikrolita 50 kila baada ya dakika 20 hadi 30. Ukimaliza, chukua tone kwenye hadubini ya elektroni: ukiona makundi mawili ya ukubwa, usisonge mbele.

Maliza kwa PEG yenye silani, uache usiku mwingine. Amini za APTES zikibaki wazi juu ya chembe huipa chaji chanya, chembe zinagandana karibu na pH 7, na zaidi ya hapo pKa inayoonekana inahama. Sababu ni kwamba uso wenye chaji chanya husukuma ayoni za hidrojeni, wenye chaji hasi huzivuta, kwa hiyo rangi iliyo usoni inaona pH tofauti kidogo na ya majimaji. Chumvi hufunika chaji hiyo. Ndiyo maana kalibresheni kwenye bafa yenye chumvi kidogo haifai mwilini.

Kuosha: sentrifuji mara tatu kwa ethanoli, mara mbili kwa maji, kisha dayalisisi (kuchuja kupitia utando) hadi maji ya nje yasionyeshe kijani. Halafu jaribio la uvujaji lenyewe: chembe kwenye seramu ya asilimia 50, nyuzi 37, saa 24, zizungushe kwenye sentrifuji, pima kijani kilichobaki juu. Kikizidi asilimia 1 ya jumla, usidunge. Silika huyeyuka polepole kwenye majimaji ya mwili, na inayoanza kuyeyuka ni ganda, lenye fluoreseini yako. Jaribio la siku tatu litaonyesha asidi inayoongezeka taratibu hata pasipo asidi. Weka akiba yako kwenye ethanoli, nyuzi 4, uihamishe kwenye maji siku ya kudunga.

Kalibresheni irudiwe yote. Nyuzi 37, NaCl mM 150, albumini mg 40 kwa mL, pH 4.5 hadi 8 kwa hatua za 0.3: bafa ya asetati kwa chini, ya MES katikati, ya HEPES juu. Usitumie bafa ya Trisi ambayo pH yake ilirekebishwa mezani, inashuka 0.028 kwa kila nyuzi, kwa hiyo 7.4 ya nyuzi 25 ni 7.06 kwenye nyuzi 37. Elektrodi ya pH nayo isawazishwe kwenye nyuzi 37. Na jua kwamba chini ya pH 5.2 na juu ya 7.6 fluoreseini haikuambii kitu cha maana. Mkunjo umelala huko, na kosa dogo la uwiano linakuwa kosa kubwa la pH.

---

infraredi_980 alijibu:

Kuhusu NaYF4 nijibu mimi. Chembe hizi (kawaida itebiamu asilimia 20 na ebiamu asilimia 2) hupokea infraredi ya nm 980 na kutoa kijani karibu na nm 540 na nyekundu karibu na nm 655. Zenyewe haziitiki pH. Unaweka juu yake rangi ya pH inayofyonza kimojawapo. Faida ya kweli ni moja kubwa: tishu haing'ai yenyewe kwa rangi hizo ukiiangazia nm 980, kwa hiyo mandhari ya nyuma ni giza tupu. Hilo linaondoa flavini na klorofili zako.

Haliondoi damu. Kijani cha nm 540 bado kinapaswa kutoka kupitia himoglobini ile ile. Mwanga wa kuingia umepona, wa kutoka haujapona.

Tena kuna jipya ambalo fluoreseini haina. Uwiano wa kijani kwa nyekundu wa chembe hizi hubadilika na nguvu ya leza, kwa kuwa kila rangi hupanda kwa njia yake ya fotoni nyingi, na hubadilika na joto pia. Ukienda ndani milimita 3 leza imedhoofika, uwiano umehama, na pH haijafanya lolote. Kalibresheni ifanyike kwa nguvu kadhaa za leza, sio moja. Maji hufyonza nm 980 na kupata joto. Kikomo cha ngozi kwenye viwango vya ANSI (taasisi ya viwango ya Marekani) ni takriban wati 0.73 kwa sentimita ya mraba. Kwa nm 808, inayotumika ukiongeza neodimiamu, maji hayapashwi sana ila kikomo ni cha chini zaidi, takriban wati 0.33.

Mitego mingine miwili. Kama rangi ya pH imemwagwa tu kwenye myeyusho pamoja na chembe, kuveti itakupa mkunjo wa kupendeza, na ukidunga kila kitu kinapotea: rangi ilikuwa inafyonza kwa wingi wake kwenye kuveti, ikachanganyika na majimaji ya mwili ikawa haipo. Rangi lazima iwe ndani ya ganda la chembe au jeli moja nayo. Na usiziache kwenye bafa ya fosfeti: fosfeti huzivuta ayoni za lanthanidi (metali kama itebiamu na ebiamu) na kuula uso wa chembe, hasa zikiwa zimezimuliwa sana. Mng'ao unaanza kufa kabla hujafika kwa panya.

Kwa uvimbe ulio chini ya ngozi, mimi ningebaki na silika yako pamoja na pacha yake. Ukitaka kukwepa rangi za tishu kabisa, pima muda wa mng'ao badala ya ukali wake. Fluoreseini yenye chaji mbili hung'aa kwa takriban nanosekunde 4, yenye chaji moja takriban 3. Nafasi hiyo ni finyu, lakini muda haupunguzwi na damu. Hakikisha tu unatenganisha mng'ao wa tishu yenyewe, ambao nao ni wa nanosekunde chache.

---

mwale_mfupi alijibu:

Nyongeza kwa atakayepita hapa akiwa na tatizo la kina kirefu, kwa mfano kutafuta maambukizi juu ya chuma kilichofungwa kwenye mfupa. Huko mwanga wa kuamsha haufiki, kwa hiyo tumia eksirei. Kundi la Jeffrey Anker wa Chuo Kikuu cha Clemson huweka chembe za Gd₂O₂S zenye yuropiamu kwenye tabaka juu ya kipandikizi, na juu yake tabaka la jeli lenye rangi ya pH. Mwale mwembamba wa eksirei ukipita, chembe zinang'aa karibu na nm 620 na nm 700. Rangi ya pH inafyonza ya kwanza, ya pili inabaki marejeo. Ukali wa picha unaamuliwa na upana wa mwale wa eksirei, kwa sababu mwanga wote unaokusanywa umetoka kwenye nukta moja inayojulikana, hata kama umetawanyika njiani. Tofauti ya nm 620 na 700 kwenye tishu bado ipo, kwa hiyo acha kipande cha tabaka bila rangi ya pH kiwe marejeo ya pembeni, kazi ile ile ya pacha mliyoizungumza.

Kwa kiini50: kabla hujaamini hata kipimo kilichosahihishwa, weka elektrodi nyembamba ya kioo kwenye uvimbe huo huo. Elektrodi hupima majimaji ya nje ya seli. Ncha iingie polepole, elektrodi ya marejeo iwe chini ya ngozi karibu, subiri hadi mhamo uwe chini ya 0.01 kwa dakika. Ikitoa karibu 7.4 ghafla, umetoboa mshipa na unapima damu. Sogeza, anza tena. Panya awe kwenye mkeka wa joto, na fuatilia upumuaji wake. Usingizi mzito wa isoflureni unapunguza upumuaji, kaboni dioksidi inapanda, na pH ya damu inashuka pamoja na ya uvimbe. Elektrodi na picha vifanyike kwa kina kile kile cha usingizi, siku ile ile.

---

kiini50 alijibu:

Nimewaelewa. Mpango: kiini cha Cy5, ganda la FITC, PEG, pacha ya rodamini 110 kwenye kila kundi, shanga za alginati za mikromita 80, kalibresheni kwenye nyuzi 37 na albumini, elektrodi kwenye panya watatu wa mwanzo. Swali moja tu limebaki: shanga nizisafishe kwa bafa gani? Alginati yangu imefungwa kwa kalisi.

---

bafa_na_chumvi alijibu:

HEPES mM 10, NaCl mM 140, CaCl₂ mM 2, pH 7.4 kwenye nyuzi 37. Fosfeti na sitrati zisiikaribie hata kwa kuosha mara moja, zinanyang'anya kalisi na shanga zinavimba hadi kupasuka. Zikae humo saa moja kwenye joto la mwili, uzipime ukubwa tena kwa hadubini ya kawaida. Zikiwa zimeongezeka zaidi ya sehemu moja ya kumi, ongeza muda wa kuzigandisha kwenye CaCl₂ mM 100 kabla ya kuzijaza kwenye sindano.